Makaratasi Yasikukoseshe Usingizi: Vidokezo 13 kwa Viongozi wa SACCO, Vikundi na Ushirika

Wewe ni mwenyekiti wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) pale Bwera, wilayani Kasese. Au katibu wa kikundi cha akina mama wanaokausha samaki Kahendero. Au mweka hazina wa ushirika wa kahawa huko juu Kyarumba. Hukusomea sheria hata siku moja. Ulichaguliwa kwa kuwa watu wanakuamini. Wakakupigia makofi, wakakukabidhi daftari na muhuri. Hongera sana! Ila daftari na muhuri vimekuja na wageni: URA, NSSF, UMRA, wilaya, uvuvi, hifadhi. Kila mgeni ana fomu yake na tarehe yake.

Usiogope. Kuna la kutia moyo hata ndani ya tukio lililowatisha wengi. Tarehe 20 Agosti 2021, Ofisi ya Kitaifa ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilisimamisha shughuli za mashirika 54 nchini Uganda. Baadhi yalipinga vikali, na mjadala ukawa mrefu. Lakini zitazame sababu zilizotajwa: mashirika 23 vibali vyao vilikuwa vimeisha muda, 15 hayakuwa yakipeleka ripoti za mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na 16 hayakuwa yamesajiliwa na ofisi hiyo. Tarehe, ripoti, usajili! Hakuna hata moja hapo linalohitaji wakili wa Kampala. Yote yanahitaji kalenda, faili na mtu mmoja makini. Yaani wewe. Chai ipo? Tuanze.

1. Wajue wageni wako kwa majina

Chukua karatasi moja, ujibu maswali matatu. Nani alitusajili? Nani anatupa leseni? Nani anasubiri pesa au ripoti kutoka kwetu? SACCO ya kawaida itapata majina haraka: Msajili wa Vyama vya Ushirika ndiye aliyeisajili, UMRA ndiyo inayotoa leseni chini ya sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha, na URA ya kodi na NSSF ya akiba ya uzeeni wanasubiri makato. Kikundi cha kijamii kitaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii, kisha wilayani Kasese.

Sasa njoo Kahendero uone orodha inavyorefuka. Hiki ni kijiji cha wavuvi kilichoko Muhokya. Mbele yake Ziwa George, nyuma yake Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ziwa lenyewe na vinamasi vyake liliingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia mwaka 1988, la kwanza kutoka Uganda. Kwa hiyo kikundi cha kukausha samaki kina shughuli na afisa wa uvuvi, na UWA ya wanyamapori, na NEMA ya mazingira, na wilaya, kabla hakijauza hata kapu moja la ngege. Ni wengi? Ndiyo. Lakini ukishawaandika wote kwenye karatasi na kuibandika ukutani, hakuna atakayekushtua akibisha hodi.

2. Funga, Lipa, Aibika

Una shamba, una watoto, una duka. Huwezi kuzipa karatasi zote uzito mmoja, na wala haifai. Chora safu tatu. Ya kwanza iite FUNGA: mambo ambayo yakikosekana mlango unafungwa, kama leseni, kibali na usajili. Ya pili iite LIPA: yakichelewa mnatozwa, kama NSSF na kodi. Ya tatu iite AIBIKA: yanayovunja imani ya wanachama, kama mkutano mkuu unaopita bila hesabu kusomwa, au siri za wakopaji kuvuja sokoni.

Kila mwanzo wa mwezi anza na FUNGA. Basi! Mabenki makubwa yana idara nzima ya kupanga hatari kwa rangi na alama. Karatasi yako moja ya manila ukutani inafanya kazi hiyohiyo. Neno moja tu: usiidharau safu ya tatu. SACCO inaweza kumaliza mwaka mzima ikiwa na leseni safi, na bado ikafa kwa sababu wanachama wamepoteza imani na kutoa akiba zao kimyakimya.

3. Tarehe 15 usiiguse kwa mzaha

Kama kikundi chako kina mfanyakazi wa mshahara, hata mmoja tu, tarehe hii ni yako. Makato ya kodi ya mshahara kwa URA na michango ya NSSF ya mwezi uliopita yote yanatakiwa ifikapo tarehe 15. Wengi bado wanashikilia habari ya zamani kwamba NSSF ni ya waajiri wenye watu watano na kuendelea. Hapana! Marekebisho ya sheria yaliyoanza Januari 2022 yaliondoa kikomo hicho. Karani mmoja, mlinzi mmoja, anahesabika.

Hesabu yake ni nyepesi. Karani anayelipwa shilingi 400,000 anakatwa asilimia 5, yaani 20,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10, yaani 40,000. Jumla 60,000 kwa mwezi. Ujanja wake ndio huu: siku unayolipa mshahara, lipa na hiyo 60,000 palepale. Ikibaki kwenye sanduku hadi katikati ya mwezi, itapata matumizi mengine tu. Mwanachama ataugua, mkopo wa haraka utaombwa, na ghafla tarehe 16 imefika, adhabu ya kuchelewa ikiwa mezani.

4. Kalenda moja, ukutani, kwa wino mwekundu

Siyo kichwani mwa katibu. Ukutani! Andika siku ambayo kila leseni inaisha, kisha rudi nyuma miezi miwili uandike tena: "ANZA KUOMBA UPYA." Tarehe hiyo ya pili ndiyo yenye faida, kwa sababu fomu inaweza kurudishwa, mtandao unaweza kusumbua, na anayepaswa kusaini anaweza kuwa safarini Fort Portal. Kama mwaka wenu wa hesabu unafungwa 30 Juni, kumbuka pia kwamba ritani ya mwaka ya kodi ya mapato inatakiwa kabla Desemba haijaisha. Na angalizo: chombo kusamehewa kodi siyo lazima kiwe kimesamehewa ritani. Ulizeni, msikisie.

5. Kila karatasi na mwenyewe

"Tutashughulikia" ni neno hatari kuliko yote katika kamati. Nani atashughulikia? Mbele ya kila mstari wa orodha yako andika jina la mtu mmoja, na pembeni jina la atakayeshika akiwa hayupo. Mama mweka hazina akijifungua, mzee katibu akienda kumuuguza ndugu yake ng'ambo ya mpaka, karatasi inasonga mbele. Katika mkutano wa kamati muulize kila mmoja sentensi moja tu: "Yako imefika wapi?" Dakika tano zinatosha, na hakuna hotuba.

6. Piga picha risiti siku hiyohiyo

Hiki kidogo kitakuokoa siku ya ukaguzi. Zile risiti za mashine, za karatasi laini inayong'aa, haziandikwi kwa wino bali kwa joto. Na Kasese joto lipo la kutosha! Iweke risiti ya mafuta ya mashua kwenye dashibodi ya gari au mfukoni mwa shati ufukweni, na baada ya muda maandishi yataharibika hadi yasisomeke. Mkaguzi atakapoishika mwezi wa tisa ataona karatasi isiyosomeka, na wewe utabaki kuapa.

Kwa hiyo: picha kwa simu siku hiyohiyo, tarehe na kazi ya pesa hiyo ziandikwe kwa kalamu nyuma ya risiti, kisha iingie kwenye bahasha ya plastiki ya mwezi huo, mbali na maji ya samaki. Tuma picha kwa mtu wa pili ili simu ikipotea kumbukumbu isipotee. Hili lina uzito zaidi kwa vikundi vinavyopakana na hifadhi. Sheria ya wanyamapori ya 2019 inaelekeza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii jirani kupitia serikali za mitaa. Kikundi kinachotaka mradi wake ufikiriwe safari ijayo kinatakiwa kuonyesha pesa ya kwanza ilikwenda wapi.

7. Pesa ya kikundi isilale kwenye simu ya mtu

Najua, ni rahisi. Wanachama wanatuma michango kwa namba ya mweka hazina, naye anaipeleka benki akipata nafasi. Mama huyo ni mwaminifu kabisa, hakuna ubishi. Lakini laini imesajiliwa kwa jina lake. Simu ikiibwa kwenye bodaboda, au yeye akifariki (Mungu apishe mbali), pesa ya watu arobaini kisheria inaonekana ni yake, na familia yake na kikundi wataanza kutazamana vibaya msibani.

Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, watia saini watatu, na wawili kati yao lazima wasaini kila pesa inapotoka. Waulizeni MTN au Airtel kuhusu laini ya taasisi. Hata serikali imefuata njia ya kuacha alama: mpango wa maendeleo ya parishi (PDM), uliozinduliwa Februari 2022 na kupangia kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka, sasa unampelekea mnufaika shilingi milioni moja yake kupitia pochi ya kidijitali ya Wendi. Kama milioni moja ya jirani yako inaacha alama, michango ya kikundi chako nayo iache.

8. Orodha ya wadaiwa siyo tangazo

Mkopo umechelewa, kamati imekasirika, na mtu anapiga picha ukurasa wa daftari na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp: majina, namba za vitambulisho vya taifa, namba za simu, kiasi kinachodaiwa. Tafadhali, simamisha mkono huo! Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na kuna ofisi maalumu inayoisimamia, ambako vyombo vinavyokusanya taarifa za watu vinatakiwa kujisajili. Kikundi kidogo kinachoandika namba za vitambulisho nacho kinakusanya taarifa za watu.

Ujanja wa haraka: kuweni na madaftari mawili. La kwanza lina majina na namba za wanachama tu. La pili lina hesabu, na humo mwanachama anatambulika kwa namba ya uanachama peke yake. La kwanza linafungiwa kabatini. La pili likisahaulika mezani, halimvui mtu nguo. Na mdaiwa? Nendeni nyumbani kwake watu wawili, kwa heshima, mkae, mzungumze. Kwa kawaida njia hiyo inaleta pesa mapema kuliko aibu ya hadharani.

9. Ziwani: pima kwanza, nunua baadaye

Hapa ndipo watu wa Kahendero, Hamukungu, Kasenyi na Katunguru wanapoumia sana, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa miaka mingi mwalo ulikuwa chini ya BMU, kamati za ufukwe zilizoundwa na kanuni za mwaka 2003. Zilikuwa na mpango mzuri: wenye mitumbwi, mabaharia, wachuuzi na wengine kila kundi lilikuwa na viti vyake, na wanawake pia walitengewa nafasi. Mwaka 2015 Rais alisimamisha kazi za kamati hizo, na kuanzia 2017 usimamizi majini ukawa mikononi mwa kikosi cha jeshi. Kisha ikaja Sheria ya Uvuvi na Ufugaji wa Samaki ya 2022, iliyoichukua nafasi ya ile ya zamani ya mwaka 1951. Unaona tatizo? Wapo wavuvi ambao kichwani bado wanaishi na kanuni za babu, wakati wavu mkononi unapimwa kwa kanuni za leo. Na wavu haramu ukichomwa, mkopo wa wavu hauchomwi pamoja nao. SACCO inabaki inadai majivu.

Basi, kama kikundi kinanunua nyavu kwa mkopo, nunua kwanza kipande kimoja cha mfano. Mpelekee afisa wa uvuvi, jicho la wavu lipimwe mbele ya watu wawili, mwandike tarehe na jina la aliyepima. Ndipo mlipe za wote. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki msizishike kabisa, hata muuzaji akiapa kwamba "siku hizi zinaruhusiwa."

Pili, anzisheni daftari la zana: namba ya mtumbwi, mwenyewe, namba ya leseni, siku inayoisha, aina ya wavu, na majaketi ya kuokolea yaliyopo. Ukurasa mmoja kwa mtumbwi mmoja. Idadi ya mitumbwi inayopewa leseni Ziwa George ina kikomo. Ziwa lenyewe lina wastani wa kina cha mita mbili na nusu hivi, na haliwezi kuvumilia mitumbwi bila hesabu. Leseni yako ni kitu cha thamani, usiiache iishe kwa kusahau.

Tatu, kabla ya kufyatua tofali la banda jipya la kukaushia samaki, pima umbali kutoka majini. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinatambua ukanda wa mita 200 wa kulindwa kwenye kingo za maziwa makubwa, Ziwa George likiwemo. Muone afisa mazingira wa wilaya ukiwa na mchoro wa kalamu tu, wakati ambapo kubadilisha mpango bado ni kazi ya kufuta mstari.

10. Milimani: kahawa yako na nukta kwenye ramani

Wenzetu wa kahawa wa Bukonzo, hili ni lenu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayozuia kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020 kuingia kwenye soko lake. Kakao imo pia. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja, na ndiyo maana wengi wamelala. Msilale! Anayebanwa na sheria hiyo ni mnunuzi wa kule, lakini yeye hawezi kutimiza chochote bila taarifa kutoka shambani kwenu. Atakapobanwa atanunua kwa ushirika wenye taarifa na kuwapita wengine.

Habari njema kwa mkulima wa miteremko ya Rwenzori ni kwamba shamba lisilozidi hekta nne linahitaji nukta moja tu ya ramani, siyo kuzunguka mipaka yote. Simu ya kawaida ya kisasa inaitoa. Simama katikati ya kahawa, mahali ambapo mbingu inaonekana vizuri kati ya migomba, subiri simu itulie, kisha soma namba mbili za mahali. Hakikisha kila moja ina tarakimu sita baada ya nukta. Ukikatiza kwenye tarakimu mbili, nukta yako inaweza kuangukia shamba la mtu mwingine kabisa, au ndani ya hifadhi ya milima, na hapo ndipo maswali yataanza.

Watumeni vijana wa ushirika waliomaliza shule. Wana simu, wana miguu, na wanawajua wenye mashamba. Kila nukta iandikwe pamoja na namba ya mwanachama, ukubwa wa shamba na mwaka kahawa ilipopandwa. Na mkulima aelezwe vizuri kwamba huku siyo kupimwa ardhi ili inyang'anywe. Kijiji ambacho hakijaelezwa kitafunga milango, na kitakuwa na haki.

11. Ukivuka Mpondwe, karatasi itangulie mzigo

Kifupi tu. Kikundi kinachouza samaki wakavu au unga ng'ambo ya mpaka, Kasindi nchini Kongo, kisitegemee kwamba "tunajuana pale getini." Maafisa wanahamishwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000, na Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Lakini bidhaa na taratibu zinazokubalika zinaweza kubadilika, kwa hiyo mtume mtu mmoja forodhani aulize siku mbili kabla ya soko, mzigo ukiwa bado ghalani. Kuuliza ni bure. Samaki aliyekwama juani siyo bure.

12. Ofisi zinahama, hama nazo

Mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria za kupunguza mashirika ya serikali. UCDA, mamlaka ya kahawa ambayo kila mkulima wa kahawa aliijua, majukumu yake yakahamia Wizara ya Kilimo. Ofisi ya mashirika yasiyo ya kiserikali nayo ikaingizwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Barua zinazoandikwa kwa mlango wa zamani zinazunguka, muda unakwenda.

Mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, mtu mmoja wa kamati afunge safari moja hadi makao ya wilaya Kasese akiwa na ile orodha ya kidokezo cha kwanza. Amuone afisa biashara, afisa maendeleo ya jamii na afisa uvuvi, aulize swali moja kwa kila mmoja: "Kuna nini kipya kinachotuhusu?" Aandike majibu, tarehe, na jina la aliyemjibu. Siku mtakapoambiwa hamkufuata utaratibu, mtakuwa na ushahidi kwamba mliuliza.

13. Mgeni akibisha hodi, au wewe ukiwa umechelewa

Mkaguzi amefika bila taarifa. Vuta pumzi! Mkaribishe kwa kiti na maji ya kunywa, muombe kitambulisho kwa adabu, kama ni askari muite afande, kisha mpe daftari la wageni aandike jina, ofisi na sababu ya kuja. Watu wawili wa kamati wawepo muda wote. Mpe nakala, siyo asilia. Kama hujui jibu, sema, "Naomba niliangalie, nitakujibu kwa maandishi," kisha ujibu kweli. Akitaka "chai," jibu ni risiti: kila malipo yaende kwenye akaunti ya serikali kwa namba ya malipo. Sheria ya kupambana na rushwa ya 2009 inamkamata mtoaji sawa na mpokeaji, na kamati iliyotoa mara moja itaombwa tena kila mwezi, bila mwisho, kwa pesa za wanachama.

Na ukikuta kwenye orodha yako kwamba leseni iliisha zamani, au NSSF haijalipwa tangu mwaka jana? Usijifiche, na usisubiri. Nenda wewe kwanza. Sheria ya taratibu za kodi ina unafuu wa riba na adhabu kwa anayejitokeza mwenyewe na kulipa deni la msingi kabla hajagunduliwa. Kwa ofisi nyingine, andika barua fupi: tulichelewa nini, tangu lini, tumelipa kiasi gani leo, na tutamaliza lini. Igonge muhuri, ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasomee wanachama barua hiyo kwenye mkutano unaofuata, yote, bila kuficha mstari, kwa sababu pesa inayolipa adhabu ni yao na wana haki ya kujua.

Ukimaliza kusoma hapa, chukua simu uangalie leo ni tarehe ngapi. Kama 15 bado haijafika, lipa NSSF ya karani wako kwanza, kisha utafute manila na kalamu nyekundu.